Kutoka Tawaif hadi Kahaba: Kushuka kwa Maana ya Jina la Waimbaji na Wachezaji Ngoma wa Kaskazini mwa India

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili anayeifungua riwaya ya Umrao Jan Ada, iliyoandikwa kwa Kiurdu na Mirza Muhammad Hadi Ruswa na kuchapishwa mwaka 1899, hukwama mapema. Kinachomkwamisha ni neno moja tu, tawaif, ambalo ndilo jina la kazi ya mhusika mkuu. Visawe vinavyomjia haraka ni kahaba na malaya, na kwa lugha ya mitaani ya miongo ya karibuni, changudoa. Akichagua chochote kati ya hivyo, atagundua kuwa kurasa zinazofuata zinampinga. Mwanamke huyo anatunga mashairi, anaalikwa na watu wenye vyeo, anasahihisha lugha ya wageni wake, na anaujua muziki kwa kiwango ambacho wanaume waliokaa mbele yake hawakukifikia. Mfasiri akiandika mwimbaji, kurasa nyingine zitampinga vilevile, kwa kuwa kuna mambo ya bei na ya faragha ambayo neno mwimbaji halina nafasi ya kuyabeba.

Makala haya yanalichunguza neno tawaif na majina mengine yaliyofungamana nalo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maana finyu ambayo neno hilo linayo leo haikuletwa na mwendo wa kawaida wa lugha peke yake. Ilisukumwa, kwa kiasi kikubwa katika kipindi cha miaka ipatayo tisini baada ya 1858, na sheria za afya, kampeni za marekebisho ya jamii na kanuni za redio. Sanaa ilibaki, ikavishwa majina mapya na kupewa wenyewe wapya. Jina la kale waliachiwa wanawake waliokuwa wameilea.

2.0 Asili ya neno

Katika Kiarabu, tā'ifa ni kundi la watu, jamaa au kikosi, na wingi wake ni tawā'if. Kiswahili kilichukua umoja wa neno hilo na kulipanua hadi likawa taifa. Kiurdu kilichukua wingi wake na kulifinya hadi likamhusu mwanamke mmoja. Kwa hiyo taifa na tawaif ni maneno ya tumbo moja, ingawa leo hakuna mzungumzaji wa kawaida wa lugha yoyote kati ya hizi mbili anayeuhisi udugu huo.

Kutumia wingi wa Kiarabu kama umoja si jambo geni kwa wasomaji wa jarida hili. Kiswahili kimefanya hivyo kwa neno malaika, ambalo katika Kiarabu ni wingi, ilhali sisemi jipya kwa Mswahili anapomtaja malaika mmoja bila kuona tatizo lolote. Linalohitaji maelezo ni kwa nini kundi liwe mtu. Jibu linapatikana katika muundo wa kazi yenyewe. Mchezaji hakwenda popote peke yake. Alikwenda na wapigaji wa sarangi na tabla, na mara nyingi na wanawake wengine wa nyumba yake. Aliyemwalika alilialika kundi zima. Jina la kundi likamwangukia yule aliyekuwa mbele yake. Katika hatua hii ya kwanza, basi, neno halikuwa na hukumu yoyote ya maadili ndani yake. Lilitaja mpangilio wa kazi.

Maneno mengine ya fani hiyo yanaonyesha hali hiyohiyo. Kotha, yaani nyumba ya tawaif, kwa asili ni chumba tu, hasa kile cha ghorofani. Mujra, ambalo sasa ni jina la onyesho la ngoma na nyimbo mbele ya wageni, lilikuwa na maana ya kwenda kutoa heshima mbele ya mkubwa. Mwalimu wa muziki aliitwa ustad, neno ambalo Kiswahili kinalo kama ustadhi, na kile kilichofundishwa zaidi ya muziki kiliitwa adab, ambayo ndiyo adabu yetu.

3.0 Kotha na watu wake

Neno hilo la mwisho linastahili kukaliwa kidogo. Abdul Halim Sharar (1860–1926), aliyeuandikia mji wa Lucknow kumbukumbu ndefu baada ya ufalme wake kuanguka, anaeleza kuwa mtu wa mji huo hakuhesabiwa kuwa amekamilika kiungwana mpaka awe amekaa katika mabaraza ya matawaif. Vijana wa familia kubwa walipelekwa huko kujifunza namna ya kuingia, kusalimu, kuketi, kusikiliza shairi na kulisifu bila kupiga kelele. Kiurdu chao kilinolewa huko. Kwa lugha ya taaluma ya leo, kotha ilikuwa mojawapo ya asasi za usanifishaji wa lugha ya waungwana, na walimu wake walikuwa wanawake.

Binti aliyelelewa kwa kazi hiyo alianza mafunzo utotoni. Alifundishwa kusoma, mara nyingi Kiurdu pamoja na Kiajemi, na kuimba tanzu zinazoitwa thumri, dadra na ghazal, pamoja na mwendo wa miguu na ishara za mikono na uso za ngoma ya Kathak. Thumri ndiyo iliyodai zaidi. Mistari yake ni michache, na ufundi wote upo katika kulirudia neno moja mara nyingi kwa sauti tofauti, kila mara likitoa maana ambayo halikuitoa kabla. Mwimbaji aliyekaa chini, akiimba na kufafanua kwa macho na vidole, angeweza kulishikilia baraza zima kwa neno moja tu.

Nyumba iliongozwa na mwanamke mwenye umri, aliyeitwa chaudharayan katika nyumba kubwa. Urithi ulikwenda kwa mabinti. Kuzaliwa kwa mtoto wa kike kulishangiliwa, jambo lililokuwa kinyume cha desturi ya mtaa uliozizunguka nyumba hizo. Kaka na wana wa kiume waliishi humo kwa kipato cha wanawake. Waliooa walileta wake ambao hawakuimba wala kucheza mbele ya watu, na wake hao waliishi kwa kujisitiri kama wake wa familia nyingine yoyote. Wapigaji ala, ambao leo historia za muziki huwataja kwa majina na nasaba zao, wengi walilishwa na nyumba hizi.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuichora kotha kama chuo cha sanaa tu. Wapo mabinti walionunuliwa. Wapo walioibwa, mhusika wa Ruswa mwenyewe anaibwa utotoni Faizabad na kuuzwa Lucknow, na msomaji wa wakati ule hakuliona hilo kuwa jambo lisiloaminika. Kuingia kwa binti katika utu uzima wa kazi kuliandamana na sherehe ya missi, ambamo meno yake yalitiwa weusi, na ya kuvuliwa pete ya pua, ambayo ilikuwa haki iliyolipiwa na mwanamume tajiri. Hakuna adabu ya baraza inayoweza kulifunika hilo, na mtafiti anayeliruka kwa sababu ya kupenda muziki anafanya kosa lilelile la wale walioliona hilo peke yake.

Waliojua lugha ya mji walitofautisha. Tawaif alikuwa juu. Domni aliimba hasa mbele ya wanawake katika majumba yao. Chini yao walikuwepo wanawake waliouza miili bila nyimbo, nao walikuwa na majina yao. Mfumo huu wa majina ulikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na haki na masharti yake. Ni ngazi hizi zilizofutwa.

4.0 Daftari, sheria na kampeni

Mwaka 1856 Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Bara Hindi ilimwondoa madarakani Wajid Ali Shah, mtawala wa Awadh, aliyekuwa mtunzi na mpenzi wa ngoma, naye akapelekwa Calcutta. Mwaka uliofuata maasi yalipozuka, uongozi wa Lucknow ulishikwa na Begum Hazrat Mahal, mke wake aliyeingia katika kasri kupitia chuo cha waimbaji na wachezaji kilichoitwa Parikhana. Alipigana hadi 1858, akakimbilia Nepal na kufia Kathmandu mwaka 1879. Kuhusu Kanpur, masimulizi yanamkumbuka Azizan, tawaif anayesemekana kuwa upande wa askari walioasi.

Mwanahistoria Veena Talwar Oldenburg, alipokuwa akizipekua kumbukumbu za Lucknow, aliyakuta majina ya matawaif mahali asipoyatarajia: katika madaftari ya kodi ya mji ya miaka ya 1858 hadi 1877, wakiwa katika tabaka la juu kabisa la walipa kodi. Aliyakuta pia katika orodha za nyumba, bustani na maduka yaliyotaifishwa na Waingereza kama adhabu kwa walioshiriki katika maasi. Lililo muhimu kwa uchunguzi huu ni jinsi walivyoandikwa. Katika daftari la kodi kazi yao ilitajwa kuwa ni kucheza na kuimba. Serikali iliyotaka fedha zao ilikuwa bado inawajua kwa kazi yao.

Mahali pengine serikali hiyohiyo iliwaandika kwa namna nyingine. Sheria ya Kambi ya 1864 na Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza ya 1868 zilikusudia kuwalinda askari wa Kiingereza dhidi ya magonjwa ya zinaa. Wanawake walitakiwa kuandikishwa, kupimwa mara kwa mara, na kuzuiliwa hospitalini walipoonekana kuwa wagonjwa. Sheria haikuwa na haja ya kujua nani anaimba thumri na nani haimbi. Mbele yake palikuwa na aina moja tu ya mwanamke anayeishi nje ya ndoa. Sheria ya 1868 ilifutwa mwaka 1888, lakini istilahi yake haikufutwa.

Hapo ndipo neno jingine linapoingia. Katika Kihindi na Kiurdu, nach ni ngoma, neno lililotokana na Kisanskriti kupitia lugha za Kiprakriti. Waingereza wa karne ya 18, waliokuwa wakialikwa katika sherehe na kuzipenda, walilitohoa kuwa nautch. Karne moja baadaye utohozi huo ulikuwa umegeuka kuwa jina la kashfa, na mwaka 1893 wanamarekebisho wa Madras, wengi wao Wahindi waliosoma shule za Kiingereza, walipeleka ombi kwa Gavana wa Madras na kwa mwakilishi wa Malkia wakiwataka wasihudhurie shughuli zenye ngoma hizo. Viongozi hao walikataa, wakidai kwamba hawajaona lililo baya. Kampeni iliendelea bila wao. Inafaa kuzingatiwa kwamba neno lililopigwa vita halikuwa la lugha yoyote ya Bara Hindi. Lilikuwa neno la Kihindi lililokwenda kwa Waingereza na kurudi likiwa na maana ambayo halikuondoka nayo.

5.0 Bai, Jan na Begum

Majina ya watu yanaihifadhi historia hii vizuri kuliko kamusi. Matawaif walitambulishwa kwa viambatisho vya heshima, hasa Bai na Jan. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki waliokulia jirani na familia za Makhoja na Mabohora wanalijua bai kama kiambatisho cha kawaida katika majina ya mama watu wazima, kisicho na doa lolote. Ndivyo kilivyo katika Kigujarati na Kimarathi. Katika miji ya kaskazini, kikitajwa pamoja na muziki, kilimfanya msikilizaji atabasamu au akunje uso.

Mwaka 1902 Kampuni ya Gramafoni ilimrekodi Calcutta Gauhar Jaan (1873–1930), mzaliwa wa Azamgarh mwenye asili ya Kiarmenia, ambaye mama yake, Malka Jaan, alikuwa naye tawaif. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Bara Hindi kuingia katika sahani ya santuri. Mwishoni mwa rekodi zake alilitaja jina lake kwa Kiingereza kwa sauti kubwa. Wanaume wengi wenye sifa katika muziki waliiogopa mashine hiyo. Wanawake wa kotha waliikubali, na kwa miaka mingi sauti zao ndizo zilizobeba muziki huo hadi katika majumba ambamo wao wenyewe wasingekaribishwa.

Rekodi moja inaonyesha gharama yake. Mwaka 1935 Rasoolan Bai wa Banaras aliurekodi wimbo mmoja wa thumri ambamo neno linalotaja matiti ndilo linalobeba maana. Rekodi nyingine za wimbo huo zinatumia neno lenye maana ya moyo. Saba Dewan alilifuatilia badiliko hilo katika filamu yake ya mwaka 2009. Kifonolojia na kimizani maneno hayo mawili yanabadilishana kwa urahisi, na msikilizaji asiyejua asingehisi kuwa chochote kimeondolewa. Thumri iliyowekewa moyo inaweza kuelezwa kuwa ni kilio cha roho kwa Mungu. Iliyo na neno la kwanza inabaki kuwa sauti ya mwanamke anayesema juu ya mwili wake.

Redio ilikuja na masharti makali zaidi. Katika miaka ya 1940, Vallabhbhai Patel akiwa na dhamana ya habari na utangazaji, redio ya taifa iliwafungia mlango waimbaji wa kike ambao maisha yao ya faragha yalihesabiwa kuwa aibu. Ndoa ikawa ndiyo cheti cha kuingilia. Akhtari Bai Faizabadi (1914–1974), aliyekuwa tayari na jina kubwa katika ghazal, aliolewa na wakili wa Lucknow mwaka 1945, akaacha kuimba, akaugua, na mwaka 1949 akarudi redioni. Sauti ilikuwa ileile. Watangazaji walimwita Begum Akhtar. Kati ya Bai na Begum hakuna badiliko lolote la sanaa. Kuna cheti cha ndoa. Wanawake wengine wa Kihindu wa kizazi hicho waliitwa Devi. Rasoolan Bai hakulibadili jina lake, na mwaka 1969 nyumba yake ya Ahmedabad ilichomwa moto katika ghasia za kidini.

6.0 Kusini: jina jipya la ngoma

Mambo ya kusini yanahitaji makala yake yenyewe, na hapa yanaguswa kwa sababu ya ulinganifu tu. Devadasi, kwa Kisanskriti mtumishi wa kike wa mungu, alifungamanishwa na hekalu, si na baraza la mtawala Mwislamu, na haifai kumchanganya na tawaif. Lakini hatima ya majina yao inafanana. Katika Kitamil, neno la kale lililowataja wanawake wa hekalu limechakaa hadi kuwa tusi zito. Dk. Muthulakshmi Reddi, daktari na mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Madras, ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyohiyo, alipigania kukomeshwa kwa desturi ya kuwaweka wakfu watoto wa kike, na sheria ikapitishwa mwaka 1947. Nia yake haina haja ya kutiliwa shaka. Hata hivyo, devadasi wenyewe waliipinga, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kuitwa makahaba.

Katika miaka hiyohiyo ngoma yao, sadir, ilipewa jina la bharatanatyam na kuhamia kwa mabinti wa tabaka la Wabrahmani. Rukmini Devi Arundale alianzisha chuo cha Kalakshetra mwaka 1936. T. Balasaraswati (1918–1984), aliyezaliwa katika ukoo wa devadasi, aliendelea kuicheza kama alivyorithi na kukataa kuiondolea mapenzi. Leo bharatanatyam inafundishwa hata Afrika Mashariki, na mzazi anayemlipia binti yake ada anaiita ngoma ya kale ya mahekalu. Hakosei, ila jina analolitumia limepita njia ndefu ili asilazimike kuuliza ni nani waliokuwa wakiicheza.

7.0 Swali la Kiswahili

Suala hili si la mbali. Filamu za Kihindi zimeonyeshwa kwa miongo mingi Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na tawaif ni mhusika wa kudumu ndani yake, kuanzia Pakeezah (1972) na Umrao Jaan (1981) hadi tamthilia ya Heeramandi (2024). Wapo wanaozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, nao hulazimika kuchagua neno papo hapo. Wanafunzi wa tafsiri nao watafika huko.

Kahaba, ambalo nalo ni la Kiarabu, linataja tendo na malipo. Suria ni mwanamke aliyemilikiwa na bwana mmoja nyumbani mwake, jambo ambalo tawaif hakuwa. Changudoa ni mfano mzuri wa neno la kawaida, tena jina la samaki, lililoshuka ndani ya muda mfupi. Kulitumia kwa mwanamke wa Lucknow wa karne ya 19 ni kumvisha mavazi ya mtaa mwingine. Wapo watakaopendekeza fafanuzi ndefu, kama vile mwimbaji wa baraza la watawala. Fafanuzi hiyo inafaa mara ya kwanza katika matini, lakini ikirudiwa ukurasa baada ya ukurasa inachosha, tena inaificha kotha.

Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya jinsi jina linavyoweza kuhamishwa kuelekea upande mwingine. Mwimbaji wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa kampuni ileile iliyomrekodi Gauhar Jaan alizaliwa akaitwa Mtumwa. Aliinuliwa na kuitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo, Siti binti Saad, Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Siti hakuwa tawaif, na kumlinganisha nao kwa mengine yote kungekuwa upotoshaji. Ametajwa hapa kwa ajili ya jina tu.

Pendekezo la makala haya ni kulitohoa neno lenyewe. Tawaifu linakubali mfumo wa sauti wa Kiswahili bila shida, kwani lina irabu mwishoni na halina mfuatano wowote mgeni wa konsonanti. Upatanisho wake uwe wa A-/WA-, kama viumbe wengine wenye uhai: tawaifu ameimba, tawaifu wameimba. Wingi wa matawaifu utajitokeza wenyewe katika mazungumzo na hauna ubaya. Kidahizo chake kinaweza kuandikwa hivi:

tawaifu nm [a-/wa-] mwanamke mwenye taaluma ya kuimba, kucheza ngoma na kughani mashairi, aliyefunzwa katika nyumba maalumu na kutumbuiza mbele ya watawala na matajiri wa kaskazini mwa Bara Hindi, hasa karne ya 18 na 19; aghalabu aliishi nje ya ndoa kwa ufadhili wa mwanamume mmoja au zaidi. [Kar. kupitia Kiurdu, taz. pia taifa]